UZI: Furu wa Ghuba ya Mwanza na tope lililoamua ubishi wa miaka mingi

Mwanafuru (mleta uzi)

Wakuu, mwangaluka.

Habari za sayansi zinazotufikia humu nyingi ni za mbali: darubini za angani, roketi, roboti. Nazipenda na nazifuatilia. Ila kuna ugunduzi uliotoka kwenye maji haya haya unayoyaona ukisimama Capri Point, ukachapishwa Oktoba 2023 kwenye jarida la Nature, mojawapo ya majarida makubwa kabisa ya sayansi duniani. Hapa Mwanza hauzungumzwi. Mhusika wake mkuu ni furu, samaki ambaye wengi wetu tunamjua kama chambo cha sangara. Naomba niueleze kwa kirefu, anayetaka kuuliza aulize.

Tuanze na ziwa lenyewe. Victoria ni pana mno, kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake ni kifupi. Palipo na kina kirefu kabisa ni mita 80 hivi, wakati Tanganyika linashuka mita 1,470. Halafu karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Victoria hayaletwi na mito, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Ziwa pana, lenye kina kifupi, linaloishi kwa mvua: mvua ikipungua kwa karne kadhaa, jua linalimaliza.

Na lilimalizika kweli. Kuelekea mwisho wa enzi ya barafu, Afrika Mashariki ilipata ukame mkubwa, ziwa likakauka. Mwaka 1996 timu ya Thomas Johnson ilichapisha ushahidi wake kwenye jarida la Science. Walitoboa sakafu ya ziwa, wakakuta chini ya tope laini kuna tabaka la udongo mgumu uliowahi kuwa nchi kavu na kuota mimea, na hilo walilikuta hata kwenye sehemu za kina. Maji yalirudi kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita.

Sasa geukia furu. Ziwa hili lina au lilikuwa na spishi zao zipatazo 500, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe, wanaovunja konokono, wanaokula wadudu, wanaowinda samaki wenzao, wanaonyofoa magamba ya wenzao. Furu jike hutunza mayai na vifaranga mdomoni, basi wapo hata waliojifunza kumlazimisha mama ateme watoto ili wawale. Na kila furu ana taya la pili ndani ya koo. Taya la mbele linakamata, la kooni linasaga, kwa hiyo la mbele limekuwa huru kubadilika kufuata chakula.

Ndege maarufu wa Darwin kule visiwa vya Galápagos hawafiki spishi 20, na imewachukua zaidi ya miaka milioni moja. Furu ni spishi 500 ndani ya miaka isiyozidi 17,000 hivi. Hakuna kundi lingine la wanyama wenye uti wa mgongo linalojulikana kuwa limegawanyika kwa kasi ya namna hii. Swali lililowasumbua wanasayansi ni hili: kwa nini furu, na si ningu, au kambare, au dagaa, ambao waliingia kwenye ziwa hilo hilo?

Kijana wa Igombe

Mkuu umeandika vizuri, ila hapo kwenye miaka mimi nagoma. Mtu anachota tope anasema hili lina miaka 16,000. Nani alikuwepo? Si wanakisia tu?

Mwanafuru

Swali halali kabisa, na ndilo ninalotamani kila mtu aulize anaposoma habari ya sayansi: mmepimaje?

Tope la ziwa linashuka polepole na kutulia tabaka juu ya tabaka, la zamani chini, la jana juu. Watafiti wanashusha bomba refu, wanalikandamiza sakafuni, wanatoa nguzo ya tope ikiwa nzima na mpangilio wake. Ndani ya tope kuna masalia ya mimea: majani, mbegu, mkaa wa moto wa nyikani. Mmea ukiwa hai unavuta kaboni kutoka hewani, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni aina inayooza kwa mwendo usiobadilika, kaboni 14. Mmea ukifa hauvuti tena. Kila baada ya miaka 5,730 hivi nusu ya kaboni 14 iliyobaki inakuwa imetoweka. Unapima iliyobaki, unajua umri. Kisha unapima tabaka nyingi za nguzo hiyo hiyo. Umri usipopanda kwa mpangilio kadiri unavyoshuka, unajua kuna kasoro mahali.

Kazi ya 2023 iliongozwa na Nare Ngoepe akiwa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, kwenye kundi la Ole Seehausen, mtu aliyewafuatilia furu wa upande wetu kwa miongo kadhaa. Walishirikiana na TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi Tanzania. Walichukua nguzo nne za tope, kuanzia sehemu za kina kifupi hadi za kina kirefu, upande huu wa kusini mwa ziwa. Wakachambua tope hilo wakitafuta meno ya samaki. Meno madogo mno, ya kuonekana kwa hadubini. Jino la furu lina umbo lake, la jamii ya ningu na dagaa lina umbo lake, la kambare vilevile. Ukihesabu meno tabaka kwa tabaka unapata daftari la nani alikuwepo, lini, na kwenye kina gani, tangu maji yaliporudi.

Ubishi ulikuwa hivi. Wengine walisema furu walishinda kwa sababu walitangulia kufika wakakuta ziwa tupu. Wengine wakasema walikuwa wengi kuliko wenzao tangu mwanzo. Tope limekataa yote mawili. Furu na samaki wengine walikuwepo pamoja tangu enzi ya mabwawa na matete, wakati ziwa linaanza tu kujaa, na furu hawakuwa na wingi wa kutisha. Tofauti ilikuja kina kilipoongezeka. Mazingira mapya yalipofunguka, maji ya kati na vilindi, wengine walibaki sehemu za kina kifupi walizozizoea. Furu waliyafuata maji kokote yalikokwenda. Wepesi wa kubadilika ndio uliowabeba.

Ticha wa Nyakato

Nafundisha baiolojia, nimefurahi kukutana na mada hii. Lakini bado kuna fundo. Mabadiliko ya jeni ya kubahatisha huchukua muda mrefu sana kuleta kitu cha maana. Miaka 16,000 haitoshi kuzalisha rangi zote zile na mataya yote yale kuanzia sifuri. Nimewahi kusoma kwamba kuna mwanasayansi Mwingereza alipinga kabisa hoja ya ziwa kukauka kwa sababu hiyo.

Mwanafuru

Ticha, huyo ni Geoffrey Fryer, na alikuwa mtu mzito kwenye fani ya samaki wa maziwa yetu. Tangu 1997 aliandika akipinga, hoja yake ikiwa ni hiyo hiyo uliyoitoa: muda hautoshi. Namheshimu kwa sababu aliwalazimisha wenzake watafute jibu badala ya kuridhika.

Jibu lilipatikana kwenye vinasaba. Mwaka 2017 Joana Meier na wenzake walionyesha kwamba furu wa Victoria na maziwa ya jirani wana asili ya koo mbili zilizokuwa zimetengana muda mrefu sana, moja yenye undugu na samaki wa upande wa Kongo, nyingine ya upande wa juu wa Nile. Takribani miaka 150,000 iliyopita koo hizo zilikutana zikazaliana. Watoto wao wakarithi hazina mbili za jeni kwa mpigo.

Hapo fundo linafunguka. Spishi ni changa, lakini jeni zao ni za kale. Ziwa liliporudi haikuwa lazima kusubiri jeni mpya zizaliwe. Zilizokuwepo zilipangwa upya kwa mamia ya namna. Kwa maoni yangu huu ndio uzuri wa kazi yote: Fryer alikuwa sahihi kwamba muda hautoshi kubuni vitu vipya, na Johnson alikuwa sahihi kwamba ziwa lilikauka.

Nitoe mfano wa jeni moja, maana hapa ndipo Mwanza yenyewe inapoingia.

Kwenye visiwa vya mawe vya ghuba yetu kuna furu wawili wanaofanana umbo. Dume wa mmoja ni wa rangi ya buluu kijivu, anakaa karibu na uso wa maji. Dume wa mwingine ni mwekundu mgongoni mwenye njano ubavuni, anakaa mita chache chini zaidi. Huyo mwekundu aliandikwa rasmi kisayansi mwaka 1985 akapewa jina la Mwalimu: leo anaitwa Pundamilia nyererei. Majike wa spishi zote mbili karibu hawana tofauti.

Maji ya ghuba yana ukungu wa mwani na tope. Ukungu huo unameza mwanga wa buluu mapema, ukishuka chini kinachobaki ni mwanga wenye wekundu. Samaki wa chini amerithi aina ya jeni ya jicho inayoona wekundu vizuri zaidi, wa juu ana aina nyingine inayomfaa kwa mwanga wa juu. Jike wa chini anamwona vizuri dume mwekundu, anamchagua yeye. Jike wa juu anamchagua wa buluu. Hakuna mlima wala ukuta kati yao, wanatenganishwa na macho. Kazi hiyo ilitoka Nature mwaka 2008, na sehemu zilizopimwa ni pamoja na visiwa vya Python na Kissenda ndani ya Ghuba ya Mwanza, na Makobe kule Ghuba ya Speke. Na aina hizo mbili za jeni ya jicho ndizo kazi ya 2017 ilizofuatilia hadi kwa zile koo mbili za kale, kila ukoo na ya kwake.

Ticha wa Nyakato

Nimekuelewa. Naomba ruhusa niutumie mfano wa Python na Kissenda darasani. Vitabu vyetu vinaleta mifano ya nondo (vipepeo wa usiku) wa Uingereza na ndege wa Galápagos, wanafunzi wanakariri na kusahau.

Mwanafuru

Ticha, huhitaji ruhusa yangu. Wafundishe.

Muumini

Mimi naamini Mungu ndiye aliyeumba kila samaki kwa aina yake. Sijaja kugombana. Nauliza tu kama hoja hizi zinataka niache imani yangu.

Mwanafuru

Ndugu yangu, hapana. Meno yaliyo kwenye tope yapo, udongo mkavu chini ya ziwa upo, na mtu yeyote anayeweza kushusha bomba anaweza kuyaona. Nani aliyaweka na kwa kusudi gani, hilo bomba halijibu, na mimi sitalisemea. Waumini wengi wanaifanya kazi hii kwa moyo wote.

Mzee wa Karabai

Vijana habari zenu. Nimevua tangu enzi za karabai, kabla ya hizi taa za sola. Miaka ya sabini ukitupa wavu ghuba hii unatoa furu wa kila sura, wengine hatukuwa na majina yao. Ghafla tukaanza kutoa sangara, na furu wakapotea kama walioitwa. Hao wataalamu wanasemaje kuhusu hilo?

Mwanafuru

Shikamoo mzee wangu. Uliyoyaona yameandikwa. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi kilianzisha timu hapa, ikiitwa HEST, akiwemo Frans Witte. Walikuwa wakivua kwa mpangilio kwenye njia moja ya maji pale Butimba, wakiandika kila furu aliyepatikana. Hawakuja kwa ajili ya sangara. Sangara alikuwa ameletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, kwanza upande wa Uganda, akakaa kimya muda mrefu. Katikati ya miaka ya 1980 akalipuka kwenye ghuba yetu. Timu ikawa inaandika kutoweka kwa samaki ambao wengine walikuwa hawajapewa hata jina. Makadirio yanayotajwa zaidi ni kwamba spishi 200 hivi za ziwa hili zilipotea.

Filleti Mwanza

Tusimfanye sangara shetani. Nimefanya kazi ya kukata minofu, familia yangu imesomeshwa na huyo samaki. Mji huu umejengwa na viwanda vya minofu, mabondo (vibofu vya hewa vya sangara) yanauzwa ghali, hata mapanki (mifupa inayobaki baada ya minofu) yamelisha watu. Furu angejenga nini?

Mwanafuru

Mkuu, sikupingi, na heshima ya kazi yako haiwezi kuondolewa na uzi huu. Sangara ameleta fedha na hilo ni kweli. Nachosema ni kwamba gharama ilikuwepo pia, na haikuandikwa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Furu walikuwa wakila mwani, wadudu, konokono, masalia ya sakafuni. Ukiondoa kundi kubwa namna hiyo, kazi waliyokuwa wakiifanya inabaki bila mwenyewe.

Lakini kuna sehemu ya habari hii inayonipa moyo. Tangu miaka ya 1990, sangara alipovuliwa sana, baadhi ya furu walirudi. Mmoja wao, anayeitwa kisayansi Haplochromis pyrrhocephalus, alirudi akiwa tofauti. Mwaka 2008 kundi la Witte lililinganisha waliohifadhiwa kwenye spiriti kabla ya sangara na waliovuliwa baadaye. Matamvua, yaani viungo vya kupumulia, yamekuwa makubwa zaidi, maana maji sasa yana oksijeni kidogo. Kichwa kimepungua, sehemu ya mkia imekuwa na nguvu zaidi, jambo linalomfaa anayemkimbia sangara. Chakula chake nacho kimebadilika. Yote hayo ndani ya miongo miwili. Mzee wa Karabai ameishi kipindi chote hicho, samaki amebadilika mbele ya macho yake.

Kijana wa Igombe

Nakubali sasa. Nauliza jingine. Ziwa likikauka kabisa, samaki walijificha wapi? Au ni kama kamongo, anajizika?

Mwanafuru

Kamongo anaweza, ana mapafu na anavumilia kukaa kwenye tope. Furu hawezi hivyo. Walibaki kwenye mito, mabwawa na vinamasi vilivyosalia pembezoni mwa bonde, ndiyo maana meno yao yanaonekana kwenye tope la awali kabisa la enzi ya matete.

Kwa kuwa umemtaja kamongo: mwaka 2024 wanasayansi walitangaza kusoma vinasaba vyote vya ndugu yake wa Amerika Kusini, wakakuta herufi bilioni 91. Binadamu tuna bilioni 3 hivi. Ndugu wa Afrika Magharibi alisomwa 2021, akawa na bilioni 40. Sehemu kubwa ni vipande vilivyojinakili vyenyewe mara nyingi mno, si kwamba kamongo ana akili mara thelathini.

Binti Nansio

Niko Ukerewe. Asante kwa uzi, kaka. Nina swali la upande wetu. Maji ya ufukweni sasa yana kijani, kuna siku huoni kidole chako ukikizamisha. Ikiwa hao furu wanachaguana kwa kuonana rangi, maji yakichafuka wanaonanaje?

Mwanafuru

Dada, umegusa jambo lenyewe. Seehausen na wenzake waliandika hilo mwaka 1997 kwenye Science. Walilinganisha sehemu zenye maji maangavu na zenye ukungu. Kwenye maji maangavu spishi ni nyingi na madume wana rangi kali. Kwenye ukungu rangi zimefifia, spishi ni chache, na wale wawili wa buluu na nyekundu wanachanganyika na kuwa kitu kimoja cha katikati. Jike hawezi kuchagua asichokiona. Hakuna aliyekufa hapo, hakuna mzoga ufukweni, ila spishi mbili zimekuwa moja.

Kijani unachokiona ni mwani, na unalishwa na fosforasi na naitrojeni: udongo unaomomonyoka mashambani, majitaka ya miji, moshi na vumbi vinavyotua ziwani kutoka angani. Tukizungumzia kulinda samaki, mjadala unaishia kwenye kokoro na nyavu haramu. Hizo ni muhimu. Lakini kwa furu, mti unaokatwa kwenye mteremko wa mlima na choo kinachotiririkia mtoni ni sawa na wavu. Hili serikali za mitaa za kandokando ya ziwa, nchi zote tatu, zingelipa uzito ule ule wa doria za boti.

Kuna na la afya. Konokono ndio wanaobeba kichocho. Kule Ziwa Nyasa watafiti walihusisha kuvuliwa kupita kiasi kwa samaki wala konokono na kuongezeka kwa kichocho kwenye vijiji vya pwani. Ziwani kwetu nako furu wavunja konokono walikuwepo, na wengine bado wapo kwenye mawe.

Filleti Mwanza

Hilo la kichocho sikulijua. Watoto wetu wanaogea mule mule.

Mzee wa Karabai

Mwanangu, umesema hao wa buluu na wekundu wapo mawe ya ghuba. Mimi nawaona hata sasa nikiwa natafuta chambo. Kuna mahali wapo wakali kabisa, kuna mahali wote wamefanana. Nilidhani ni msimu.

Mwanafuru

Mzee wangu, hiyo taarifa ni ya thamani kuliko unavyofikiri. Naomba, wewe na yeyote mwenye mtumbwi humu, tuziweke kwenye uzi huu. Jina la mahali, kina kwa makadirio ya kamba, na hali ya maji siku hiyo. Picha ipigwe samaki akiwa hai ndani ya maji kwenye ndoo nyeupe, na mapema, kwa sababu dume akishatolewa rangi inafifia haraka sana na akifa karibu wote wanakuwa kijivu. Ukiweza, piga na ubavu wote, mapezi yakiwa wazi, ili madoa ya manjano ya pezi la chini yaonekane. Ticha, wewe unaweza kutusaidia kuyapanga kwenye jedwali, kisha tuyapeleke TAFIRI pale Nyegezi.

Ticha wa Nyakato

Naanza kutengeneza jedwali leo. Mzee, taja mahali pa kwanza.

Mzee wa Karabai

Andika mawe ya upande wa pili wa Igombe, kina cha pima mbili, maji ya wastani. Wekundu wapo.